Mafundi redio wa Tanga, mnaua mashine zetu na hela mnachukua

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Nina risiva (redio yenye amplifaya ndani) ya Pioneer SX-780, toleo la 1978, aliyoniachia marehemu baba. Santuri zake za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, zilipigwa humo, nyumbani Ngamiani, majirani nao wakasikiliza. Juzi juzi spika ya kushoto ikaanza kukatika: sauti ikiwa ndogo inapotea, ukipandisha inarudi. Nikampelekea fundi mwenye jina mtaani. Hata mita hakushika. "STK zimekufa zote mbili, zibadilishwe." STK ni vile vipande vya kukuza sauti, kimoja kila upande. Zote mbili, na kulia kulikuwa kunapiga safi kabisa! Nikalipa.

Ikarudi inaimba. Wiki haijaisha, kishindo kimoja, koni ya wufa (spika ya besi) ikasukumwa nje na kung'ang'ania hapo hapo, chumba kikajaa harufu ya koili inayoungua.

Nikafungua kifuniko. Chini ya bodi, kwenye rilei ya spika (swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme), kuna kipande cha waya mwekundu kimechomelewa kutoka mguu mmoja hadi mwingine, lehemu imeganda madonge meusi. Kairuka rilei! Ile inayolia "tak" sekunde chache baada ya kuwasha kazi yake ni kuikata spika amplifaya ikianza kutoa DC, umeme wa mkondo mmoja unaounguza spika. STK aliyoniwekea ikashoti, DC yote ikaenda kwenye wufa, hakuna cha kuizuia.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye rilei tangu mwanzo. Mgusano wake ukishika kutu na masizi, na hapa kwetu upepo wa bahari hauachi kitu, mkondo mdogo haupiti. Ukipandisha sauti unapenya. Dawa yake ni kusafisha mgusano au kuweka rilei mpya, kitu cha bei ndogo. Yeye alijua. Asingejua, ule waya angeuweka wapi?

STK za mashine hii ni STK-0050, na Sanyo waliacha kuzitengeneza miaka mingi iliyopita, na nyingi zinazouzwa leo kama mpya ni feki. Hizi nimezipangusa kwa spiriti, maandishi yakatoka na kitambaa. Nikamuuliza zangu ziko wapi. "Nilitupa." Mwongo! Fundi gani anatupa STK orijino?

Wenye mashine za zamani, msiache mashine dukani mkaondoka. Daini vipuri vya zamani mkononi, hata kama vimekufa kweli. Iwashwe mara ya kwanza kupitia balbu ya waya ya wati 60 (ile ya zamani, si LED) iliyofungwa njiani kwenye umeme unaoingia: ikiwaka kidogo kisha ikafifia, sawa, ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani. Halafu chomoeni spika, DC ipimwe kwenye matundu yake mbele yenu. Ikizidi milivolti 50, msitoe hata mia.

Na wewe fundi, najua unapita humu. Pesa ya wufa utanilipa. STK zangu mbili nazitaka, na kama umeshaziuza, aliyezinunua Tanga hii ajue ni mali ya marehemu baba yangu, aniandikie inbox nitazikomboa.