Zaidi ya wiki baharini bila kufika bandari yoyote: mimi na mzee wangu tujiandae vipi?

Hajjati wa Bombo (mwanzisha uzi)

Salaam kwenu nyote. Binti yetu, ambaye ni muuguzi Uingereza, ametulipia mimi na baba yake safari ya meli ya abiria itakayoondoka Southampton mwezi Januari, ipitie Tenerife katika Visiwa vya Kanari, na iishie Cape Town, ambako kaka yake atatupokea. Bandari hazinitishi. Kinachonisumbua ni kipande cha katikati, kwani meli ikishatoka Tenerife ratiba inaandika neno "baharini" siku baada ya siku kwa zaidi ya wiki. Maji makubwa niliyowahi kuyavuka ni ya Ziwa Victoria, kutoka Nakiwogo kwenda Kalangala, na huko mtu hakai muda mrefu kabla ya kuona kisiwa.

Mzee wangu amepita miaka sabini, ana kisukari anachokidhibiti kwa vidonge, na hajazoea kukaa bure. Nyumbani akitoka msikitini huenda shambani, kisha barazani kwa wenzake. Chumba tulichopewa ni cha ndani, hakina dirisha. Naomba wanaojua wanieleze siku hizo hupitaje, watu husali na kula vipi, na mgonjwa kama yeye ajipange namna gani. Tafadhali msinishauri niahirishe, maana mzee ameshawatangazia watu wa msikiti mzima.

Mhudumu Mstaafu, Kampala

Hajjati, hongereni kwa kupata mtoto mwenye moyo huo. Niliwahi kufanya kazi ya kuhudumia vyumba katika meli za namna hiyo, kwa hiyo nitaeleza yale ya ndani. Meli inayokwenda fundo 20, yaani maili za baharini 20 kwa saa, hukata maili za baharini 480 kwa siku, yaani karibu kilomita 890, na kutoka Tenerife hadi Cape Town ni zaidi ya maili 4,000, ndiyo maana ratiba yenu inasomeka hivyo.

Siku ya baharini ina mpangilio wake. Jioni ya kuamkia siku hiyo huletewa chumbani karatasi yenye orodha ya shughuli zote: mihadhara, mazoezi ya viungo, mafunzo ya ufundi wa mikono, kwaya ya abiria, maswali na majibu, muziki wa usiku. Adhuhuri nahodha hutangaza kwa vipaza sauti mahali meli ilipo, upepo unavyovuma na hali ya bahari inayotarajiwa, na utashangaa jinsi wazee wanavyolisubiri tangazo hilo wakiwa na kalamu mkononi. Chumba husafishwa asubuhi, na katika meli nyingi mhudumu hurudi tena jioni kutandua vitanda.

Kuhusu chumba kisicho na dirisha, giza lake ni giza kweli. Mtu huamka asijue kama ni usiku wa manane au saa tatu asubuhi. Meli nyingi zina chaneli ya televisheni inayoonyesha picha ya kamera ya omo, yaani mbele ya meli, pamoja na ramani ya safari. Iacheni ikiwa imewashwa bila sauti, na alfajiri itaingia chumbani kupitia kioo hicho.

Kabla ya kung'oa nanga mtaitwa kwenye zoezi la dharura, nalo si la hiari. Mlio wa hatari ni honi fupi saba zikifuatwa na moja ndefu, na kila abiria hana budi kujua kituo chake cha kukusanyikia. Msipakie pasi wala birika la umeme. Vitu hivyo huhesabiwa kuwa hatari ya moto na huchukuliwa vikabaki stoo hadi mwisho wa safari.

Tabibu wa Jinja

Nianze na kichefuchefu. Ghuba ya Biscay, ambayo mtaivuka mara tu baada ya kuiacha Uingereza, huchafuka sana majira ya baridi, kwa hiyo siku ngumu huenda zikawa za mwanzo, wala si zile unazoziogopa wewe. Ukaribiapo ikweta bahari kwa kawaida hutulia. Dawa ya kuzuia kutapika humezwa kabla ya mawimbi, kwa sababu aliyekwisha kuanza kutapika hawezi kuituliza tumboni. Nyingine huleta usingizi, na kwa umri wa mzee daktari wake ndiye amchagulie. Mtu akihisi vibaya aende sitaha ya chini katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo, au atoke nje atazame mstari ambapo bahari hukutana na mbingu.

Kwa mgonjwa wa kisukari hatari yenyewe ni hii: baadhi ya vidonge huendelea kushusha sukari hata kama chakula hakikukaa tumboni. Mwulizeni daktari sasa hivi ni vidonge vipi vya kusimamisha pindi mzee akitapika na vipi vya kuendelea navyo, na jibu hilo liandikwe. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika maboksi yake, pamoja na barua ya daktari, na ziwe nyingi kuliko siku za safari. Saa ya meli itasogezwa mbele njiani, kwa kuwa Afrika Kusini iko saa mbili mbele ya Uingereza wakati wa Januari; afadhali ratiba ya dawa ifuate milo.

Naweni mikono kwa sabuni na maji kila mnapokwenda kula. Virusi vya norovirusi, ambavyo huenea haraka melini, haviuawi vizuri na ile dawa ya kupaka mikononi, na abiria anayeharisha hutengwa chumbani mwake. Msisahau kadi ya homa ya manjano: Afrika Kusini huidai kwa wasafiri wanaotoka kwetu Uganda, na chanjo huanza kutambuliwa baada ya siku 10.

Ustadhi wa Arua

Hajjati, safari hiyo inawapa ruhusa ya kufupisha adhuhuri, alasiri na isha kuwa rakaa mbili mbili, na ya kukusanya adhuhuri na alasiri, vilevile magharibi na isha. Anayeyumbishwa hata akachelea kuanguka asali ameketi. Nyakati zifuateni kwa jua la mahali mlipo, si kwa saa ya ukutani, ambayo nahodha huisogeza kwa amri. Kibla nacho hubadilika: mkitoka Tenerife Makka iko upande wa mashariki, na mkikaribia Cape Town iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Dira ya simu hudanganywa na chuma cha meli; bora mwelekeo wa meli msome kwenye ile ramani ya televisheni aliyoitaja ndugu yetu.

Chakula cha halali kiombwe kwa maandishi kupitia wakala tangu sasa. Humo melini mwambieni mkuu wa wahudumu awaonyeshe kila jioni orodha ya vyakula vya kesho, kwani mvinyo hujificha kwenye mchuzi.

Mfanyabiashara wa Kikuubo

Mimi nitasema la fedha, ambalo watoto wetu husahau kulieleza. Tiketi kulipwa hakumaanishi kwamba kila kitu kimelipwa. Vinywaji, kufuliwa nguo, intaneti na mara nyingi bakshishi ya wafanyakazi huandikwa kila siku kwenye akaunti yenu, na kumwona daktari wa meli ni ghali mno; bima ya safari inayokubali kisukari cha mzee ni lazima. Simu ziwekeni katika hali ya ndege tangu siku ya kwanza, la sivyo zitashika mtandao wa meli na bili itawafuata hadi Bombo.

Hajjati wa Bombo

Nawashukuru sana, na barua ya daktari nimeshaiomba. Bado nina mawili. Mzee anauliza atafanya nini na mikono yake siku zote hizo. Mimi naona ratiba ina usiku wa mavazi rasmi, na sina gauni la Kizungu wala sitaki kulinunua.

Mhudumu Mstaafu, Kampala

Mzee abebe omweso, ule mchezo wetu wa bao. Ubao wa mashimo 32 hautamlemea, ila kete 64 ziwe shanga au vifungo, kwa sababu mbegu huweza kuzuiwa na wakaguzi bandarini. Akiuweka mezani sitahani atapata wanafunzi kabla ya chai. Mkivuka ikweta kutakuwa na mchezo wa mfalme wa bahari, watu wakimwagiwa maji na kubusu samaki. Si lazima kushiriki, ingawa mzee anaweza kuwaeleza kwamba kwao mstari huo uko Kayabwe, kando ya barabara ya Masaka.

Gomesi yako, lile gauni letu la heshima la wanawake, na kanzu yake, pamoja na koti, vinatosha kabisa, kwani mavazi rasmi ya taifa la mtu hukubalika. Beba pia sweta nzito: wengi hudhani karibu na Afrika ni joto, lakini mkondo wa Benguela hupoza bahari na kuleta ukungu katika pwani ya Namibia. Mabega ya gomesi yatahitaji kunyooshwa. Kama meli yenu ina chumba cha kufulia cha abiria, pasi zimo humo. Nenda watu wakiwa kwenye chakula cha jioni, maana asubuhi ya siku ya baharini foleni ni ndefu, na sijaona mahali melini ambapo waungwana hugombana kama hapo.