Kozi za koleji akiwa bado hai skuli, au AP? Fomu ninayo mkononi

mama_Rehema
Wanajamvi wa hapa Marekani habari zenu, wakubwa shikamooni. Binti yangu jana karudi na fomu ya kaunsela, anataka nisaini. Anasema mwakani anaweza kusoma koleji huku bado ni mwanafunzi wa hai skuli, hatulipi ada, na krediti (pointi za masomo ya chuo) zinabaki zake. Kaunsela huyohuyo mwezi wa pili alituambia achukue AP tatu, yale masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa palepale hai skuli. Baba yake keshaamua koleji, neno "bure" likishamwingia halitoki. Mimi nimekwama. Kipi bora? Fomu inarudi mwisho wa mwezi.

Kijana_wa_Zamani
Dada, jimbo gani? Yuko darasa la ngapi? Anataka kusomea nini? Koleji iko umbali gani na nani atampeleka? Hapa ni sawa na mtu anayeuliza nauli bila kusema anashuka wapi.

dada_Tacoma
Running Start, mpango wetu wa kusoma koleji ukiwa hai skuli, wala usijiulize mara mbili. Kwangu wamepita wawili. Mkubwa alivaa joho mara mbili Juni ileile: la hai skuli, na la associate, shahada ndogo ya miaka miwili. Krediti 90. Alipoomba chuo kikuu alihesabiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, si wa kuhamia, kwa hiyo skolashipu za wanaoanza aliziomba kama wenzake, halafu akaingia moja kwa moja kwenye masomo ya fani yake.

Ila hiyo "bure" mwambie mzee aisikilize vizuri. Kwetu ada ya masomo ndiyo hulipi. Vitabu, michango midogomidogo na usafiri ni mfuko wako. Kuna kitabu cha kemia kilikuja na namba ya kufungulia mazoezi onlaini, namba yenyewe inatumika mara moja tu, huwezi hata kumrithisha mdogo wake.

Kijana_wa_Zamani
Running Start ni ya jimbo la Washington. Hujui yuko wapi, ushampeleka Tacoma.

dada_Tacoma
Kila jimbo lina yake, majina tu yanatofautiana. Na usinifundishe mambo ambayo nimewalea nayo watoto wawili.

Mwl_Mstaafu
Si majina tu, dada yangu. Minnesota wana mpango wao, PSEO, tangu 1985, ndio waliotangulia, na kwao mpaka vitabu vya lazima vinalipiwa, ukimaliza unarudisha. Ohio wana College Credit Plus, mtoto anaweza kuanza hata darasa la 7. Washington ni hayo uliyoyaeleza. Hata hizo krediti 90 zako ni za koleji inayogawa mwaka kwa robo. Koleji inayoenda kwa mihula ingeziandika 60. Mtu akisoma hapa akalinganisha 90 na 60 atadhani mtoto wako ni malaika.

Kuhusu AP, kwa sisi tuliosoma nyumbani njia rahisi ya kuielewa ni kidato cha sita. Unasoma mwaka mzima, Mei unaingia chumba cha mtihani kwa muda wa saa tatu hivi, na alama yako ni 1 hadi 5. Hiyo ndiyo krediti yako au ndiyo kwaheri. Vyuo vingi vya umma vinakubali kuanzia 3, vile vigumu vinataka 4 au 5, na vingine havitoi krediti kabisa, vinakuruhusu tu kuruka somo la kwanza. Kwenye koleji gredi inajengwa wiki kwa wiki: insha, maabara, jaribio la katikati. Mtoto anayetetemeka mbele ya mtihani mmoja mkubwa, koleji itamfaa. Mtoto mvivu wa kila siku anayeamka wiki ya mwisho, AP inaweza kumwokoa. Mimi nilikuwa huyo wa pili.

mzee_wa_Columbus
Nawasoma tu, lakini hapa lazima niseme. Binti yangu wa pili alianza College Credit Plus akiwa darasa la 11. Kozi mbili: bayolojia krediti 4, sosholojia krediti 3. Mtoto wa A tupu, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na wasiwasi.

Kilichotuumiza ni kalenda. Hai skuli ilifunga likizo ya Machi wiki moja, koleji ikafunga wiki nyingine. Sisi tukapanga safari ya Dallas kwa likizo ya hai skuli, harusi ya mdogo wangu, tukaondoka wote. Wiki hiyohiyo koleji walikuwa na mtihani wa katikati wa bayolojia, asilimia 30 ya gredi. Tarehe ilikuwa kwenye silabasi tangu Januari. Alipomwandikia profesa akajibiwa mstari mmoja: soma ukurasa wa nne wa silabasi. Ukurasa wa nne unasema hakuna mtihani wa kurudia.

Alikuwa na nafasi ya kujiondoa, tarehe ya mwisho ilikuwa wiki mbili mbele. Hakujiondoa. Aliona aibu, akadhani ataifidia kwenye mtihani wa mwisho. Nyumbani hakusema kitu. Mimi kila Ijumaa nafungua ukurasa wa hai skuli kwenye simu, naona A, A, B+. Bayolojia haionekani pale, nikadhani mambo mazuri. Aprili nilipiga simu koleji kuulizia kitu kingine kabisa, nikasema na bayolojia anaendeleaje? Yule mama wa ofisini akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuzungumzia rekodi za mwanafunzi na mimi. Nikamwambia mwanafunzi ana miaka 16, analala nyumbani kwangu. Akarudia vilevile, neno kwa neno.

Juni ikaja barua ya wilaya ya shule: kozi imefeli, tunatakiwa kurudisha gharama. Nilimsomea mama yake kwa sauti. Binti alikuwa kwenye sinki, akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata zamani.

Pesa tulilipa kidogo kidogo. Kubwa lilikuja baadaye. Alipoingia chuo ile F ilikuwa inamsubiri kwenye transkripti. Msaada wa FAFSA, ule wa serikali wa kulipia chuo, una sharti la maendeleo ya masomo, kwa kawaida GPA isiwe chini ya 2.0 na uwe umefaulu asilimia 67 ya krediti ulizojaribu. Yeye alikuwa kafaulu 3 kati ya 7. Hajakaa hata siku moja darasani, keshaandika barua ya rufaa. Ilikubaliwa, namshukuru Mungu. Lakini msiniambie ni bure.

jirani_mwema
Pole sana mzee wangu. Hiyo ya sufuria imenigusa.

dada_Tacoma
Pole mzee. Lakini hilo si kosa la mpango, kalenda mngeiangalia.

mzee_wa_Columbus
Wewe uliziangalia zote mbili Januari, siku kwa siku?

dada_Tacoma
Ziko kwenye friji yangu mpaka leo, mzee, moja ya kijani moja ya njano 😅

Mwl_Mstaafu
Ile ya kunyimwa taarifa ni sheria ya FERPA, ya faragha ya rekodi za wanafunzi. Mtoto akishasoma chuo, hata awe na miaka 16, rekodi zake za kule zinakuwa haki yake. Lakini mlango haujafungwa wote. Koleji ikipeleka gredi hai skuli, wewe kama mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 18 unaruhusiwa kuziona huko. Na ukiwa unamweka kama tegemezi kwenye kodi, koleji inaruhusiwa kukupa, ila hailazimishwi. Njia fupi ni mtoto kusaini fomu ya ruhusa siku ya kwanza, kabla hajapata sababu ya kukataa.

Kijana_wa_Zamani
Au umwachie. Miaka 16, koleji, na bado baba anafungua gredi kila Ijumaa? Kama hawezi kusema mwenyewe amefeli, basi hajawa tayari, abaki hai skuli.

jirani_mwema
Wewe bado huna watoto, inaonekana.

mama_Rehema
Asanteni jamani, nimesoma zote. Mzee pole sana. Samahani sikueleza vizuri. Tuko Minnesota, kwa hiyo ni hiyo PSEO aliyoitaja mwalimu. Anamaliza darasa la 10, GPA 3.7. Anasema udaktari, tangu ana miaka saba anasema udaktari. Koleji ni basi mbili kutoka kwetu, kama dakika 50. Mimi naingia kazini saa 12 asubuhi na baba yake ni zamu ya usiku.

Kijana_wa_Zamani
Haya yote ndiyo yalikuwa yaanze, dada 😂

nesi_wa_zamu
Kama ni udaktari ngoja niongee, mdogo wangu yuko kwenye foleni hiyo sasa. Ukiomba shule ya udaktari kwa AMCAS, mfumo wa maombi wa shule hizo, unaorodhesha kila kozi ya chuo uliyowahi kusoma, pamoja na zile za hai skuli, na gredi zote zinaingia kwenye GPA. C ya kemia aliyoipata akiwa na miaka 16 itamfuata akiwa na 22. AP haina tabia hiyo. Akipata 2, anakaa kimya na maisha yanaendelea.

Kwa upande mwingine, kuna shule za udaktari hazitaki krediti ya AP isimame badala ya kemia au bayolojia, zinataka asome tena kozi ya juu chuoni. Nyingine hazipendi masomo hayo ya sayansi yatoke koleji ya miaka miwili. Kwa hiyo ushauri wangu: PSEO achukue uandishi, saikolojia, historia, takwimu. Sayansi nzito aziache mpaka akue, au achukue AP yake kwa ajili ya kujiandaa tu.

Mwl_Mstaafu
Hapo nesi kamaliza. Naongeza njia ya tatu ambayo kaunsela hajaitaja: ulizeni kama shule yao ina kozi za chuo zinazofundishwa palepale hai skuli. Chuo Kikuu cha Minnesota wana mpango unaitwa College in the Schools. Mwalimu ni yule wa shuleni, krediti ni ya chuo, hakuna basi. Gredi nayo inaandikwa kwenye transkripti ya chuo, kwa hiyo tahadhari ya nesi iko palepale. Na hiyo tarehe ya PSEO, kama ni 30 Mei, ni ya kuijulisha wilaya kwamba ana nia.

jirani_mwema
Mimi nina la moyoni. Mwanangu alisoma koleji muda wote darasa la 11 na 12. Krediti kazipata. Lakini siku ya mahafali alikaa kati ya watoto wasiomjua jina. Mechi hakwenda, prom hakwenda. Juzi kaniambia "mama, mimi hai skuli sikusoma". Nilikosa la kusema.

Kijana_wa_Zamani
Prom ni dansi ya masaa manne na gauni la kukodi. Mikopo ya chuo ni miaka ishirini.

jirani_mwema
Si dansi, kijana.

dada_Tacoma
Na anaruhusiwa kwenda! Bado ni mwanafunzi wa shule yake, michezo na dansi vyote vyake. Mtoto wangu wa pili alicheza soka mpaka mwisho, kozi mbili asubuhi na mazoezi jioni.

nesi_wa_zamu
Tunabishana wee, hakuna aliyemuuliza mama Rehema: binti mwenyewe anasemaje?

mama_Rehema
Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Kwanza kashangaa kwamba nimeuliza. Anasema anataka PSEO lakini kozi mbili tu, na abaki na AP moja ya bayolojia kwa sababu anampenda mwalimu wake. Halafu kaongeza kwamba angeenda kwa gari. Gari gani, nikamuuliza. Akasema la baba, si linalala mchana?

mzee_wa_Columbus
😂😂 Hapo ndipo safari ilipokuwa inaelekea tangu mwanzo.

Kijana_wa_Zamani
Ana leseni?

mama_Rehema
Ana ya kujifunzia. Mtihani wa barabarani ni Julai, akifaulu.

nesi_wa_zamu
Kabla hujasaini fomu ya koleji pigia simu watu wa bima. Mimi nilipomwongeza wangu wa miaka 16 nilikaa chini.

dada_Tacoma
Uliza punguzo la gredi nzuri. Nyingi zinataka B kwenda juu, unawatumia ripoti yake kila muhula.

mzee_wa_Columbus
Na hilo gari la zamu ya usiku, Januari linawaka lenyewe asubuhi au mnalishtua?

mama_Rehema
Tunalishtua mzee.