Michoro ya wabunifu wengi kwenye seva moja: nani aamue ipi ijengewe?

Mhandisi wa ofisi ya mradi
Ndugu wahandisi, ninaomba ushauri. Mradi wetu una barabara kuu, madaraja na mifereji, na kila sehemu ina mbunifu wake. Modeli zote huwekwa kwenye seva moja. Hivi karibuni mafundi walikata nondo za nguzo za daraja kwa kufuata mchoro ambao mbunifu aliuweka huko ili mwenzake wa mifereji auone tu. Jina la faili liliishia na neno «mwisho». Kando yake lilikuwapo lingine lililoitwa «mwisho mpya». Mkandarasi anapendekeza tununue programu nyingine. Je, hilo litatosha?

Mratibu wa modeli
Ndugu, msinunue chochote kwa sasa. Mchoro ule haukuwa na hadhi inayoonekana, na programu haiwezi kubuni hadhi ambayo watu hawajaikubali. ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitolewa mwaka 2018, inataka taarifa ipite katika hali nne: inayoandaliwa, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa na iliyowekwa kwenye kumbukumbu. Mchoro wenu ulikuwa katika hali ya pili, na fundi akausoma kana kwamba uko katika ya tatu.

Katika utaratibu wa Uingereza, ambao miradi mingi ya nchi nyingine pia huufuata, faili lenye alama ya S1 na toleo P03 ni la kuoanishia ubunifu, ilhali toleo linaloanza na C limekwisha kuidhinishwa kimkataba. Alama hizo ziwe sifa za faili ndani ya mfumo, wala zisiandikwe kwenye jina lake, kwa sababu jina likibadilika kila wiki viungo vyote vya modeli hukatika. Kisha wafungieni watu wa eneo la ujenzi wasione chochote isipokuwa kilichochapishwa.

Msimamizi wa nyaraka
Ninakubaliana na mratibu, ila ninaona ameidharau programu. Folda za kawaida hutegemea adabu ya kila mtu, na faili zikifika maelfu lazima mmoja atasahau. Mfumo unaokataa kuchapisha mpaka mwenye mamlaka aidhinishe una thamani yake. Msiisahau karatasi pia. Mchoro uliokwisha kuchapwa haujui kwamba toleo jipya limetoka, kwa hiyo sisi huweka msimbo wa QR pembeni, na msimamizi wa zamu huukagua kwa simu kabla ya kazi kuanza.

Mpima
Hadhi ikishakaa sawa, ulizeni majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali pa kila kitu. Programu nyingi za kubuni majengo hupoteza usahihi kitu kikiwa mbali sana na nukta sifuri, kwa hiyo mbunifu wa daraja hulisogeza karibu na sifuri kwa kiasi anachokijua yeye, huku mwenzake wa barabara akitumia gridi ya taifa. Tena kwenye gridi ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda, kigezo cha mizani katika meridiani ya kati (mstari wa katikati ya kanda) ni 0.9996: kilomita moja ya ardhini, usawa wa bahari, husomeka mita 999.6. Daraja refu lililobuniwa kwa urefu wa ardhini halitakutana na barabara iliyochorwa kwa urefu wa gridi, hata kama faili zote mbili zimeidhinishwa ipasavyo.

Mhandisi wa ofisi ya mradi
Ninawashukuru. Tumeanza kwa kuwafungia mafundi folda ya ushirikishaji. Ndugu mpima, kigezo hicho kiandikwe wapi?

Mpima
Kwenye mpango wa utekelezaji wa BIM (kazi ya kubuni na kusimamia ujenzi kwa modeli za kidijitali), pamoja na nukta ya msingi na usawa wa rejea wa mwinuko. Kwa kuwa wabunifu wenu wamekwisha kuanza, kila mmoja alete kwanza faili dogo lenye alama tatu za upimaji tu, mlilinganishe na vipimo vya eneo la kazi, ndipo mpokee modeli kamili.