Naomba ushauri: nipunguzeje maji yanayoingia kwenye shimo la maji taka?

Ndugu zangu, tunaishi watu saba Kigamboni, Dar es Salaam, na kila masika, ardhi inaposhiba maji, shimo letu hujaa upesi kiasi kwamba mwaka huu tumeshaita gari la kunyonya maji taka mara mbili. Fundi alinieleza kuwa maji mengi yakiingia kwa mkupuo, tope halipati muda wa kutuama, hivyo husukumwa hadi kwenye shimo la pili na kuziba udongo unaopaswa kunyonya. Nikaanza kuchunguza ndani ya nyumba: nilitia rangi ya chakula kwenye tangi la choo cha watoto, na baada ya robo saa maji ya bakuli yalikuwa mekundu ilhali hakuna aliyevuta. Kumbe lilikuwa likivuja usiku kucha! Mpira nimeshabadilisha. Linalonisumbua sasa ni nguo, ambazo hufuliwa zote Jumamosi kwa mashine. Je, kuzigawa kwa siku kadhaa kutasaidia, na nikiyaelekeza maji hayo kwenye migomba, sabuni haitaidhuru? Vilevile, chupa iliyojazwa maji na kutumbukizwa kwenye tangi la choo la lita 9 hupunguza matumizi kweli, au mtu huishia kuvuta mara mbili?