Tupeane uzoefu: Ziara za kuonja vyakula kwenye masoko ya Ufaransa

Kahawa Chungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Kila nikiona mada ya Ufaransa humu ni viza na mnara wa Eiffel. Leo tuongelee tumbo. Kuna hizi ziara unalipia, mnakutana watu wachache mlangoni mwa soko, kiongozi anawapitisha meza kwa meza mnaonja. Waliowahi kwenda wamwage uzoefu: soko gani, mlionja nini, na hela ilikwenda kihalali au mlipigwa.

Naanza mimi. Nilikwenda Lyon, Les Halles Paul Bocuse, pale Cours Lafayette. Anayetegemea miavuli na matenga barabarani atashangaa, maana ni jengo la kisasa, lilifunguliwa 1971. Soko lilipewa jina la mpishi Bocuse 2006, mwenyewe akiwa hai bado (alifariki 2018). Ndani kila mfanyabiashara ana kizimba chake na ujuzi wake. Wa soseji hagusi samaki, wa jibini hauzi mkate.

Tulianza na soseji kavu, ile rosette ya kwao, imekatwa nyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili. Ikafuata quenelle: samaki wa mtoni anayeitwa brochet, anasagwa na unga, mayai na siagi, anachemshwa kisha anaingia oveni mpaka anafura. Kwa wasiokula vitu laini laini, pitieni mbali. Mimi nilimaliza na sahani ya jirani.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni meza ya jibini. Mama muuzaji alitoa Saint-Marcellin, vile vijibini vidogo vya duara vinavyoenea kiganjani, akaweka viwili mbele yetu. Cha kwanza kimeshika, unakikata kwa kisu. Cha pili kimekaa kwenye kisahani cha udongo, na kazi ya kisahani ni kukizuia kisikimbie. Alitoboa ngozi ya juu kwa ncha ya kijiko, katikati kukamwagika kama uji mzito. Maziwa yale yale, tofauti ni siku tu. Akamuuliza kila mmoja wetu anapenda kipi, na mtu akijibu anamkatia kingine cha kuendana na jibu lake. Nyuma yetu foleni ya wenyeji imesimama, hakuna aliyesonya.

Nililipa karibu yuro 90. Najua, najua. Lakini ningekwenda peke yangu ningenyoosha kidole, nikapewa, nikatoka. Mnasemaje?

Bishana Kidogo

Mkuu, yuro 90 kuonyeshwa jibini? Hiyo hela unanunua jibini mpaka uugue.

Mimi niko Paris miaka sasa, na nawaambia siri ya soko la Ufaransa ni salamu. Ukifika mezani bila kusema "bonjour" umeshaharibu, utahudumiwa kwa uso wa ukuta. Ukisalimia kwanza, halafu ukasubiri zamu yako, mtu yule yule anakukatia kipande uonje bila hata kumwomba. La pili, usiminye matunda. Yeye ndiye anachagua. Unamwambia unataka tikiti la kula mchana au la usiku, analigeuza, ananusa kitako, anakupa. Hapo umepata kiongozi wa bure.

Nendeni Marché d'Aligre, mtaa wa 12, Jumanne mpaka Jumapili. Nje matunda na mboga za bei ya kawaida, wauzaji wengi asili yao Afrika Kaskazini, makelele ya kutosha. Pembeni kuna jumba la zamani, Beauvau, humo ndimo kwenye jibini, nyama na samaki wa bei ya kuvaa suti. Unanunua baguette ya "tradition" (kanuni yake ni ya 1993, haina viongezi wala kinyunya chake hakigandishwi), unaongeza kipande cha jibini ya Comté, unakaa kwenye benchi. Ziara imekwisha.

Kahawa Chungu

Bishana, wewe Kifaransa unakiongea. Mimi naongelea mtu aliyeshuka jana na anajua "merci" peke yake.

Shangazi wa Mtwapa

Assalaam aleikum jamani. Mie nauliza kwanza, mbona nyote mmeanza na soseji? Sisi wengine tukisikia "kuonja Ufaransa" tunaona nguruwe na mvinyo tu, tunabaki nyumbani.

Nilikwenda kumtazama mwanangu Marseille, akanilipia ziara ya soko la Noailles, pale Capucins, kutoka stesheni ya Saint-Charles unateremka kwa miguu. Kiongozi alitutumia ujumbe mapema kuuliza nani hali nini. Nikamjibu: sili nguruwe, sinywi, na sitaki kitu kilichotiwa pombe kwa siri. Hilo la mwisho litieni maanani, kwani kuna vitamu vya kwao mtu hashuku. Vile vikeki vya Bordeaux vyeusi kwa nje, canelé, vina ramu. Na keki yao iitwayo "baba" ndiyo imeogeshwa ramu kabisa.

Noailles sikupata tabu. Bucha za halali zimepangana, mikate ya Kiarabu yatoka jikoni, zeituni za kila rangi kwenye mapipa, tende, nanaa mafungu mafungu, harisa (ile pilipili ya kusaga) ya kuchota kwa kijiko. Tukaonja panisse, unga wa dengu unapikwa kama ugali, unaachwa ugande, unakatwa vipande na kukaangwa. Ndani laini, nje wakwaruza. Tukamaliza kwa navette, biskuti ngumu ya umbo la mashua yenye harufu ya maua ya mchungwa. Ngumu kwelikweli, mwenye meno ya kupachika achovye kwenye chai.

Na Wangazija walivyojaa mji ule! Kwenye duka la vyakula vya kwetu nimemkuta mama mmoja achagua nazi, azitikisa sikioni moja moja. Yeye kwa Kingazija, mie kwa Kiswahili changu cha Mombasa, tukaelewana vya kutosha kumlalamikia muuzaji bei. Kiongozi wetu akabaki kutungoja. Hayo hayakuwamo kwenye ratiba, na ndiyo niliyoyafurahia kushinda yote.

Jibini nayo ina maneno. Nyingi za asili hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Kila mtu na msimamo wake, lakini uliza, muuzaji anajua na hakasiriki.

Chaza Mbichi

Fupi tu. Cancale, Bretagne, pale bandarini penye vibanda vya chaza. Namba zao ziko kinyume: namba 5 ndiye mdogo, kadiri namba inavyoshuka chaza anakua. Mgeni anadai namba 5 akidhani anapendelewa, hahaha. Wanakufungulia hapo hapo, unakamulia limau, unameza ukiitazama bahari, maganda unayatupa chini ufukweni kama kila mtu. Kiongozi alitueleza jinsi wanavyokuzwa kwenye mifuko juu ya meza za chuma ambazo maji yakikupwa zinaonekana zote. Bila yeye ningedhani ni mabaki ya ujenzi.

Matumbo Fry

Niaje wadau. Mnazungumzia masoko ya rejareja, wacha niwapeleke kwa baba yao: Rungis, soko la jumla karibu na uwanja wa ndege wa Orly. Hili ndilo lilirithi soko kuu la katikati ya Paris mwaka wa 1969. Ukubwa wake hekta 234, kwa hivyo mnazungushwa kwa basi kutoka jumba hadi jumba. Bila kadi ya mnunuzi hununui kitu, na mgeni wa kawaida huingia kwa ziara. Kwa hiyo Bishana, huku salamu peke yake haitakusaidia.

Unaamka usiku wa manane. Samaki huuzwa kuanzia saa nane za usiku, ukichelewa utakuta wakiosha sakafu. Mnapewa koti jeupe na kofia ya karatasi, nyote mnafanana na madaktari wa mifugo. Baridi ya mle ndani, weka soksi mbili.

Jumba la samaki lilinipendeza, la jibini lilininukia, lakini jumba la matumbo ndilo lililonigusa roho. Vichwa vya ndama vimenyolewa vikawa vyeupe pepepe, vimepangwa kwa safu, macho yamefumbwa kama wanaosinzia. Kando kuna ndimi, figo, maini, miguu, na matumbo yameoshwa hadi yanang'aa. Wenzangu kwenye kundi walianza kutazama dari. Mimi nikamuuliza jamaa wa pale wanapikaje hayo matumbo. Akaweka kisu chini, akaeleza kwa mikono: kitunguu, karoti, majani, moto mdogo, usiku kucha. Nikamweleza yetu ya nyanya na dania. Kiongozi alikuwa akitafsiri huku akicheka. Jamaa akauliza, "Hakuna mvinyo?" Nikasema hakuna. Akanionea huruma.

Kifungua kinywa mwishoni ni nyama, jibini na mkate, saa ambazo kwetu mtu anakunywa chai na andazi. Bei si mchezo, lakini singeweza kuingia vinginevyo.

Nimepigwa Kweli

Niwape na upande wa pili. Paris, kampuni siitaji. Tangazo lilisema ziara ya soko ya muda wa saa tatu. Sokoni tulipita kama tunaowahi treni, hatukusimama hata meza moja. Muda wote uliobaki tulizungushwa kwenye maduka ya makaroni za rangi (vile vibiskuti vitamu, si tambi) na chokoleti zenye riboni, kila duka kiongozi anasema "hapa mna punguzo la bei". Maonjo yenyewe robo ya kipande. Wauzaji hawamjui hata kwa sura, yeye ndiye anasoma vibao vya bei kama sisi.

Nilichojifunza: kabla hujalipa, tazama ratiba inataja meza ngapi za soko, na waliotangulia wanasema waliongea na nani. Kama picha zote ni za makaroni, kimbia.

Kahawa Chungu

Pole mkuu. Umegusa penyewe. Pale Lyon yule kiongozi alipigwa busu za mashavuni tangu mlangoni, na kila meza alikuwa na deni la maneno na mtu. Ukiona hajulikani sokoni, umeajiri mtu wa kukutembeza tu.

Mwana wa Kivu

Jambo ba ndugu. Mimi ni wa Bukavu, nakaa Paris. Kuna ziara hata za Château Rouge, metro mstari wa 4, soko letu la Dejean. Wazungu wanalipa kuona sombe (kisamvu), makayabu (samaki wa chumvi), tunda la safou, ndizi za kupika! Zamani nilikuwa nacheka. Siku moja wenzangu wa kazi wakaniomba niwapeleke, tena bure. Nikaona kazi yenyewe ni ngumu. Mama muuzaji yuko bize, wateja wamejaa, na weye unamletea watu wanaopiga picha bila kununua. Alitufukuza vizuri sana. Tuliporudi niliwaambia kila mtu anunue kitu kwanza, hata pilipili kidogo. Hapo mama akaeleza mwenyewe namna ya kulowesha makayabu ili chumvi itoke, maji unayabadilisha, unayabadilisha tena, usiharakishe. Wakamsikiliza kuliko wanavyosikiliza bosi.

Kwa hiyo swali kwa kiongozi: je, wauzaji wanalipwa kwa yale mnayoonja? Mzuri anawalipa.

Mama Ntilie Ulaya

Nice, Cours Saleya, mji wa zamani, hatua chache kutoka baharini. Jumatatu usiende, siku hiyo panageuka soko la vitu vya kale, utaonja vinara vya mishumaa.

Chakula cha pale ni socca. Nayo ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Unamiminwa kwenye sinia la shaba pana kupita mikono yangu miwili, unaingia tanuri la kuni. Unatoka umebabuka juu, katikati laini, wanaukwangua vipande ovyo ovyo, pilipili manga juu, unakula kwa vidole ukiungua. Ladha, mkifumba macho, ni bajia iliyosahau kuwekwa kitunguu. Mimi mwenye kuuza chakula nikaanza hesabu kichwani palepale, gharama ya malighafi ni ndogo mno kwa bei wanayouza!

Kuna pia pissaladière, mkate wenye vitunguu vilivyoiva taratibu mpaka vikawa vitamu, na visamaki vya chumvi juu yake. Na pai ya majani, yale mapana yanayofanana na mchicha, ambayo wameitia sukari na zabibu kavu. Tamu! Mboga ya majani kuwa kitindamlo, hilo bado nalijadili na nafsi yangu.

Mgeni Jamvini

Asanteni sana, uzi mtamu. Mimi nina siku moja tu Lyon, naingia Jumapili usiku, naondoka Jumanne alfajiri. Nichukue ziara gani Jumatatu? Na kiongozi anapewa bakshishi kiasi gani?

Kahawa Chungu

Jumatatu Les Halles pamefungwa, mkuu. Badilisha tiketi uingie Jumamosi. Jumapili asubuhi ndiyo raha yenyewe, wenyeji wanakula chaza na mvinyo mweupe wamesimama. Bakshishi Ufaransa si lazima, ukiridhika mpe chochote. Na usile kitu asubuhi hiyo.

Bishana Kidogo

Ukishindwa kubadilisha tiketi, Jumatatu chukua treni uje Paris, nitakutembeza mwenyewe. Aligre nayo Jumatatu imefungwa, lakini duka la jibini halikosekani. Yuro 80.

Shangazi wa Mtwapa

Mmemwona huyu? Juzi alisema salamu yatosha.