Mjadala: Eagles (timu ya futiboli ya Marekani, Philadelphia) kubadili mratibu wa mashambulizi (kocha anayechagua michezo ya kushambulia) kila mara, tiba au sumu?

Yadi Kumi
Wadau, hesabuni wenyewe. Shane Steichen 2022, Brian Johnson 2023, Kellen Moore 2024, Kevin Patullo 2025. Misimu minne, waratibu wanne. Wawili walichukuliwa kuwa makocha wakuu (Colts na Saints), wawili wakaondolewa. Jalen Hurts, kwotabeki wao anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, atatulia lini? Mimi nasema ni sumu.

Kofia ya Kijani
Sumu gani, mkuu? Na Johnson walianza kwa kushinda 10 na kupoteza 1, wakamaliza 11-6, kisha Tampa Bay ikawachapa 32-9 kwenye mtoano. Akaja Moore, mkimbiaji Saquon Barkley akakimbia yadi 2,005, na kwenye Super Bowl (fainali ya ligi) Februari 2025 Chiefs wakala 40-22. Mbona mabadiliko hayo hamkuyalalamikia? Halafu mtu analipwa mamilioni ya dola, ashindwe kukariri majina mapya? Visingizio tu.

Senta Halisi
Hapo kwenye "kukariri" ndipo ulipokosea kabisa. Muda wa kuanzisha kila mchezo, yaani kila shambulio moja, ni sekunde 40. Redio ya kwenye kofia ya kwotabeki inakatika zikibaki 15. Ndani ya muda huo mratibu achague mchezo, autaje, kwotabeki aurudie kwa wenzake kumi, wajipange, asome ulinzi. Sasa mfumo mmoja unaita njia za wapokeaji kwa namba, tarakimu moja kwa kila mpokeaji, 9 ikiwa njia ya kwenda mbele moja kwa moja. Mwingine unaita muungano mzima wa njia kwa neno moja. Kujua maana si shida. Shida ni kwamba ukichelewa sekunde tatu kutafsiri kichwani, unafika kwenye mstari huna muda wa kubadili kinga (mpangilio wa nani anamzuia mvamizi yupi), na mvamizi anakuja bila mtu.

Kofia ya Kijani
Kinga ni kazi ya laini (wale watano wa mbele wanaozuia wavamizi), na Jeff Stoutland alifundisha laini hiyo tangu 2013 hadi msimu wa 2025. Waratibu walipita, yeye akabaki. Kwa hiyo hoja yako inajiua yenyewe.

Senta Halisi
Haijiui, inathibitika! Eagles waliyumba kidogo kwa sababu laini ilibaki na mwalimu mmoja. Timu inayobadilisha vyote viwili inaumia zaidi: jana mzuiaji wa laini alikuwa anapiga hatua ya kwanza kwenda pembeni, leo anaambiwa arudi nyuma avuke laini afungue pengo. Miguu haisahau kwa wiki mbili. Na 2024 usimpe Moore sifa zote, Barkley alisajiliwa mwaka huohuo.

Mama Pembeni
Mnaizunguka timu moja tu. Angalieni Atlanta. Kyle Shanahan aliingia 2015 kama mratibu, wakafunga pointi 339. Mwaka wa pili, mfumo uleule pamoja na senta mpya Alex Mack, 540, na kwotabeki wao Matt Ryan akawa mchezaji bora wa ligi. Akaondoka, akaja Steve Sarkisian, zikashuka karibu nusu.

Yadi Kumi
Dada, si nusu. 353, yaani theluthi ndiyo iliyopotea. Lakini Sarkisian alibakiza sehemu kubwa ya kitabu cha michezo cha Shanahan! Kwa hiyo kinachopotea si msamiati, ni mpangilio: mchezo upi unautega upi, lini uonyeshe mbio ili robo ya tatu urushe kutoka umbo lilelile.

Kofia ya Kijani
Shanahan huyohuyo aliyeongoza 28-3 akapoteza Super Bowl ya msimu huohuo wa 2016 34-28 dhidi ya Patriots kwa kukataa kuita michezo ya kukimbia? Huyo ndiye mfano wenu?

Mama Pembeni
Hakukataa. Atlanta wako yadi ya 22 ya Patriots, wanaongoza 28-20, dakika zimebaki nne na ushee. Jaribio la 1 (kati ya manne ya kusogea yadi 10) walikimbia, wakapoteza yadi 1.

Kofia ya Kijani
Na jaribio la 2 je? Akaita pasi, Trey Flowers wa Patriots akamwangusha Ryan, yadi 12 nyuma. Ikafuata adhabu ya kushika, yadi 10 nyingine. Wangekimbia mara mbili wapigwe hapohapo, ni mkwaju wa pointi 3 wa yadi 40 na kitu, inakuwa 31-20, Patriots wangehitaji kufunga mara mbili. Hilo halihitaji kitabu chochote.

Senta Halisi
Kwenye hilo la jaribio la 2 nakuunga mkono. Ila mchezo uligeuka kabla ya hapo, kwenye jaribio la 3 na yadi 1, ilipokuwa 28-12. Dont'a Hightower wa Patriots alipita pembeni, mkimbiaji Devonta Freeman hakumzuia, mpira ukapokonywa. Mkimbiaji kumchukua mvamizi ndiyo ile kinga unayosema haina uhusiano na mratibu.

Kofia ya Kijani
Freeman alikuwa mwaka wa pili na mratibu yuleyule, mkuu. Mfumo hakuubadilishiwa. Nijibu hilo kwanza.

Yadi Kumi
Jamani, niliuliza habari za Hurts.