Mrejesho: yule kaka yangu aliyekuwa hasemi

Niliuliza hapa kuhusu kaka yangu, mwendeshaji boda Kisumu, aliyenyamaza tangu pikipiki yake ichukuliwe kwa deni. Usiku hapati usingizi, ugali anausukuma tu kwenye sahani. Wengi mlisema nimwache, mwanaume hujikaza. Mmoja akasema nisimkabili uso kwa uso. Nimpe kazi ya mikono, nikae kando yake.

Huyo ndiye niliyemsikiza. Tukanunua samaki, ngege, ufuoni Dunga, tukakaa kuparua magamba. Kisu bado kinakwaruza, akasema bila kuinua macho: "Kuna usiku nilitamani nisiamke." Nikamuuliza waziwazi kama aliwaza kujiua. Akakubali. Jamani, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kaka alipumua kama aliyetua gunia.

Hospitali aliiogopa, eti atashtakiwa. Nikamweleza kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Sasa anaonana na mshauri, na wenzake wa steji humpitia jioni. Usingizi bado wa mang'amung'amu, lakini juzi alinifokea kwa kuchelewa. Nilifurahi sana!